Siku Tisa za Ammachi

Ko. Kimya. Ko, ko. Ndiyo sauti ya asubuhi ile: bomba la mvuke lililopita ukutani kupasha nyumba joto, likigonga kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili, aliyekwisha kata tamaa ya kufunguliwa na sasa anagonga kwa mazoea tu. Majira ya baridi ya kwanza, Pothan aliinuka mara nyingi kwenda kufungua mlango. Haya yalikuwa ya tatu, na hakuinua tena hata kichwa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi akimsuka nywele binti yake Sini, mwenye miaka mitano, simu ilipolia. Akaikimbilia kabla haijamwamsha Rahelamma, mkewe, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini na ndiyo kwanza amelala.

Aliyepiga alikuwa mwanamke wa ofisi ya telegramu. Alisoma maneno polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mama hali mbaya. Njoo upesi. Kuncheria. Akauliza kama asome tena. Pothan akasema ndiyo. Akasoma tena, kwa sauti ileile. Pothan akayaandika, pamoja na jina hilo la mdogo wake, nyuma ya jani la kalenda ya kanisa, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride.

"Nani, baba?" Sini akauliza.

"Nyumbani."

"Wanataka nini?"

"Geuka, nikumalizie."

Akamalizia kusuka. Rahelamma anasema ndio mkia ulionyooka kuliko yote aliyopata kusuka.

Tulikuwa familia saba katika mitaa ile ya kaskazini mwa Philadelphia, mwaka wa sabini na tisa. Sote Wahindi wa Kerala, sote Wakristo wa kanisa la kale, na sote, kwa kusema kweli, tulikuwa tumeletwa na wanawake. Marekani ilihitaji manesi. Sisi wake na dada tulikuja kwanza, peke yetu, na sanduku moja moja, na ndani ya sanduku sari nyeupe, Biblia na achari. Waume walifuata baada ya mwaka au miwili, wamewashika watoto mkono, wakafikia kwenye nyumba ambazo kodi yake hawakuilipa wao.

Pothan alikuwa mwalimu wa hesabu huko Ranni. Alipopita barabarani, watoto walishuka baiskeli. Wazee waliokwisha kumaliza shule zamani walikunjua shuka zao walizokuwa wamezipandisha magotini, wakazishusha mpaka kwenye vifundo, kwa heshima. Huku alipaka gundi kwenye maboksi. Msimamizi wake alimwita Pat, kwa kuwa hakuona sababu ya kulihangaikia jina zima. Gundi ilimpasua ncha za vidole, na jioni Rahelamma, kabla ya kwenda kazini, alimpaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja.

Wanaume wetu walitaniana ili wasiumie, na wakati mwingine waliumizana kwa utani huohuo. Kinara wao alikuwa Eapen, aliyekuwa mlinzi wa maegesho ya magari.

"Mwalimu, leo bi harusi amepika nini?"

"Samaki."

"Wa nazi?"

"Wa ukwaju."

"Bwana, mkeo ameoa vizuri."

Pothan alicheka na wengine. Alikuwa na kicheko cha mwalimu, kifupi, cha kuonyesha kwamba mzaha umesikika na sasa turudi kwenye somo.

Mkubwa wetu alikuwa Chacko. Tulimwita Achayan, yaani kaka mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa wa kwanza kufika, na kila mwanaume aliyemfuata alilala kwanza sakafuni kwake. Pothan alilala pale wiki tano, Rahelamma akitafuta nyumba ya kuwatosha. Ni Chacko aliyemfundisha kupanda treni ya chini, aliyemnunulia koti, aliyempeleka kiwandani siku ya kwanza na kumsubiri nje kwenye baridi hadi alipotoka na jibu. Na kule nyumbani, Chacko alikuwa karani wa posta mjini Kottayam. Miaka kumi na moja aligonga telegramu.

Kwa hiyo Jumamosi ile, ilipofika adhuhuri na sote tumejazana sebuleni kwa Pothan na theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyetu mlangoni, tulimpa Chacko lile jani la kalenda tukamtazama usoni. Alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Pothan, keti."

"Nimeketi, Achayan," Pothan akasema. Alikuwa amesimama.

Chacko akamshika bega akamkalisha. "Nimegonga telegramu za harusi," alisema, "za mitihani, za watoto kuzaliwa. Lakini kwa mtu aliye ng'ambo ya bahari, sikuwahi kugonga hata moja yenye lile neno. Watu wetu hawaliandiki. Mwana yuko peke yake nchi ya baridi, utamtupia neno kama lile usoni? Wanaandika hali mbaya. Mwenyewe anaelewa."

"Lakini huenda ni hali mbaya kweli, Achayan," Rahelamma akasema. Alikuwa bado na alama ya mto shavuni.

"Dada, wewe ni nesi, unajua mengi ya kunishinda. Mama yenu, Ammachi, ana miaka mingapi?"

"Sabini na minne."

"Alikuwa akiumwa?"

"Si sana. Kifua tu."

"Mzee mwenye kifua tu hatumiwi telegramu."

Hakuna aliyebisha, maana kila mmoja wetu alikuwa na telegramu yake. Baba yangu alikuwa hali mbaya mwaka wa sabini na tano, na siku nilipoisoma, kuku walikuwa wameanza kuparura juu ya kaburi lake. Mama wa Eapen alikuwa hali mbaya. Eapen alisafiri siku tatu na matumaini yake, akashuka kwenye basi akakuta watu wamevaa nyeupe za msiba. Tangu hapo alikuwa akisema, pasipo utani hata kidogo, kwamba bora wangemwambia akiwa bado Philadelphia, akae kwenye ndege bila kuomba Mungu.

"Imetumwa Alhamisi," Chacko akaendelea, taratibu, kama anavyosomewa mgonjwa. "Leo Jumamosi. Kule hakuna barafu ya kumweka mtu. Jana jioni wameshamaliza. Ukiondoka leo, utafika Jumanne, utakuta udongo na maua yaliyonyauka. Na huyu mtoto atalala na nani mama yake akiwa zamu? Tukae hapa, tumwombee hapa. Mungu ni yuleyule."

Tulijaribu kupiga simu, hilo liandikwe pia. Simu ya karibu na nyumbani kwa akina Pothan ilikuwa moja tu, dukani kwa mnunuzi wa mpira, ule utomvu wa miti, aitwaye Ulahannan. Opereta wa simu alituunganisha tukasikia ikilia kule, mbali, kama inalia ndani ya chungu. Kule ulikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, duka limefungwa. Pothan alishika mkono wa simu muda mrefu. Ndipo Chacko akamwambia, "Acha, Pothan. Unataka mdogo wako alitamke neno lile kwa sauti, dukani kwa Ulahannan, mbele ya watu wanaopima mpira?"

Pothan akaweka simu chini.

Jumapili jioni, katikati ya zaburi, alilia. Hatukuwahi kumwona mtu akilia vile. Alilia na mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka mtini, mpaka damu ikamtoka puani na Rahelamma akamwinamisha kichwa na kumbana pua kinesi, kwa kidole na gumba. Wanaume walitazama zulia. Ilipokwisha, ilikwisha kabisa. Alinawa uso, akarudi, akauliza tumefika aya ya ngapi.

Kisha zikaanza zile siku. Kwetu nyumba iliyofiwa haiingizi nyama wala samaki mpaka siku ya arobaini na moja. Siku hiyo hupikwa chakula kikubwa, watu hula, wafiwa wakafunguliwa. Wanawake tulipanga zamu kama hospitalini. Kila jioni mmoja alipanda ngazi na sufuria ya uji wa mchele, choroko zilizokaushwa na nazi, papadi na achari ya ndimu. Chacko alichukua kalenda ileile ya kanisa, akahesabu tangu Alhamisi ya telegramu kwa ncha ya kalamu, akazungushia duara tarehe kumi na tatu Machi. Kiwandani walimpa Pothan siku moja ya mapumziko na kadi yenye picha ya yungiyungi. Wote walikuwa wametia sahihi, hata dereva wa lori asiyemjua. Pothan aliiweka juu ya televisheni. Sini alihesabu majina, yakawa thelathini na moja.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, Pothan alitoka kiwandani saa tisa, akampitia Sini shuleni, akafungua kisanduku cha barua chini ya ngazi. Ilikuwemo barua ya anga, ile ya karatasi ya buluu inayojikunja yenyewe kuwa bahasha. Aliujua mwandiko wa mdogo wake Kuncheria. Alidhani ni habari za maziko: nani alibeba, padri gani alisoma, mvua ilinyesha au haikunyesha. Akaifungua hapohapo ukumbini, mgongo ukutani, na Sini akirukaruka ngazi mbili mbili.

Iliandikwa siku moja na ile telegramu.

Kuncheria aliandika kwamba kifua cha Ammachi kimejaa maji. Daktari wa misheni amemtoboa mara mbili akayatoa, yamerudi. Anasema wiki mbili, labda na kidogo. Akili yake nzima kabisa; juzi amemgombeza padri kwa kufupisha sala. Kila gari likipita barabarani anauliza kama ni kaka. Usichelewe. Na chini kabisa, kwenye ukingo wa kupaka gundi, palikuwa na mistari miwili ya mkono mwingine, herufi kubwa zenye kutetemeka, za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, kwenye vitabu vya wanawe. Pothan, njoo na Sini. Nimewazuia wasimchinje jogoo mpaka mfike.

Alisoma mara moja tu. Akapanda ngazi. Akamvua Sini koti, akampa maziwa. Akatia choroko kwenye sinia akaanza kuzichambua.

Alimwambia Rahelamma baadaye, naye akaniambia mimi, kwamba alikaa akisubiri furaha. Alijua kwamba inapaswa kuja. Mama yake alikuwa amefufuka. Alitazama mlango wa jikoni kama ndipo itakapoingilia. Haikuja furaha wala hofu, na vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye choroko, kijiwe hiki, na hiki.

Rahelamma aliamka saa kumi na moja kujitayarisha kwenda kazini. Aliikuta barua mezani, imekandamizwa na chupa ya achari.

"Hii imekuja lini?"

"Saa tisa."

"Baba Sini. Sasa ni saa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Choroko zina mawe mengi safari hii."

Alisoma kama anavyosoma cheti cha mgonjwa, macho yakiruka maneno na kutafuta tarakimu. Ametobolewa mara mbili. Wiki mbili, na kidogo. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Zilikuwa zimepita siku kumi na nne.

"Kuna hiyo 'na kidogo'," akasema. "Wazee wa kwenu wana mioyo migumu. Inuka."

Akapiga simu hospitalini kusema haendi. Akapiga kwa opereta, akaagiza simu ya kumwita mtu kwa jina: Kuncheria, aitwe dukani kwa Ulahannan. Akaambiwa itapatikana asubuhi. Akavuta sanduku uvunguni, akaanza kutia nguo: shati jeupe, shuka nyeupe, sweta la Sini la kuvulia njiani. Pothan alisimama mlangoni akitazama nguo zake zikikunjwa.

"Chacko Achayan tumwambie?" akauliza.

"Tumwambie nini sasa hivi? Tupate simu kwanza."

Simu ilikuja Ijumaa, saa moja asubuhi. Kule jua lilikuwa linakwenda kuzama. Rahelamma aliubandika uso wake kwenye wa mumewe ili asikie wote wawili.

"Kaka?"

"Kuncheria. Ammachi yukoje?"

Zilisikika sauti za watu wengine, wakinong'ona kwenye waya uleule.

"Hukuletewa telegramu ya pili?"

"Nimepata barua. Jana."

"Tulimpumzisha Jumanne, kaka. Alituaga Jumatatu alfajiri."

Rahelamma alimwona akikunja vidole, kimoja baada ya kingine. Kisha akavikunjua.

"Nilikuandikia hali mbaya, njoo," Kuncheria akasema. Hakuwa akilaumu. Alikuwa amechoka. "Tulikutazamia Jumanne ile, tukakutazamia Jumatano."

"Nilidhani umeandika vile wanavyoandika."

Kule upande wa pili mtu alikohoa, mzani wa mpira ukagonga chini.

"Ningeandika nini basi, kaka?" Kuncheria akauliza. "Ningeandika yu hai? Nani anaandika hivyo?" Kisha, "Angekuwa ametuaga, ningeandika maneno yaleyale. Kweli. Nimeliwaza hilo."

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Mkamwambia nini?"

"Tulimwambia ndege zimesimama kwa theluji."

"Akaamini?"

"Aliuliza theluji ni nini. Nikamwambia ni kama chumvi, inamwagika usiku kucha, asubuhi mlango haufunguki. Akasema basi mwacheni mtoto wa watu asihangaike, atavunjika mguu."

Waya ukapiga mluzi. Opereta akaingia akasema dakika zimekwisha. Pothan akamwambia asante. Akavaa koti, akatwaa kopo lake la chakula, akaenda kazini. Rahelamma alimwita kwenye ngazi, mara mbili, naye akajibu mara zote mbili, "Naam," na akaendelea kushuka. Siku ile alipaka gundi maboksi kama ya siku zote. Hakuharibu hata moja.

Aliporudi alimkuta Rahelamma ametoa nguo sandukuni na kuzirudisha kabatini. Sanduku lenyewe lilikuwa bado kitandani, wazi. Wakala uji. Sini alipokwenda kutazama katuni, Rahelamma akasema:

"Kesho wanakuja kwa sala. Utawaambia."

"Niwaambie nini?"

"Ukweli."

"Unamjua Chacko Achayan," Pothan akasema. "Ukimwambia kwamba Ammachi alikuwa akila uji na kugombeza padri wakati sisi tunamwimbia nyimbo za wafu, hatalala tena. Miaka kumi na moja, mama Sini. Hicho ndicho alichobaki nacho kutoka kule. Hapa anafagia shule."

"Na wewe umebaki na nini?"

Pothan akakusanya mabakuli ya uji.

"Siku tisa," Rahelamma akasema. "Toka siku tuliyoshika simu hii hadi siku aliyoondoka, siku tisa. Ungefika Jumanne. Ungekaa naye karibu wiki."

"Najua hesabu."

"Basi angalau siku yake iwe yake. Tarehe kumi na tatu mtakula nyama ya arobaini na moja ya nani? Ya mtu aliyekuwa bado amezuia jogoo asichinjwe? Na siku yake yenyewe, Machi ishirini na nne, Kuncheria anawasha mshumaa kule, wewe huku umeshamsahau, unakula samaki."

"Rahel, sisikii kitu," Pothan akasema. Hakuwa analalamika, alitamka kama anamwambia nesi mahali panapouma, ila hapa hapakuwa na mahali. "Nimejaribu. Nimelisoma lile neno la jogoo. Nililia yote Jumapili ile. Nimebaki kama hivi vidole, naviona vinafanya kazi. Mtu wa namna hii ana haki gani ya kwenda kumvunja mwenzake moyo?"

Rahelamma alichukua chupa ya mafuta ya nazi. Yalikuwa yameganda kwa baridi, akayayeyusha kwanza kiganjani.

"Wodini kwetu huletwa watu waliolala nje," alisema. "Vidole vimeganda, hawahisi hata ukiwachoma sindano. Huwa hatungoji wahisi ndipo tuwatibu."

Alimpaka vidole vyote kumi.

Jumamosi tulikuja kama kawaida, na masufuria yetu. Tulitandika shuka juu ya zulia, wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa jikoni, watoto kati. Bomba liligonga wakati wa zaburi na Eapen akalikunjia uso. Sote tuliimba. Pothan aliimba pia, sauti ikiwa sawa, haipandi wala haishuki. Niliona sanduku tupu chumbani, mlango ulipofunguka, nikashangaa, nikadhani Rahelamma anatafuta blanketi.

Baada ya sala chai iliingia, na mambo ya chakula kikubwa yakaanza.

"Ukumbi wa chini wa kanisa tumepewa," Chacko akasema. Alikuwa na kalenda kwenye goti na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, kama karani. "Jumanne, tarehe kumi na tatu. Padri atatoka New York. Wenye zamu siku hiyo wabadilishane mapema, tusisikie hadithi. Sasa, nyama."

"Nyama namwachia mwalimu," Eapen akasema. "Mimi mke wangu hakunifundisha."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba.

"Kilo kumi na mbili," akasema mke wa Eapen. "Na vipande vya nazi ndani, kama kwetu. Siyo ile ya Krismasi, ilikuwa kama viatu."

"Ile alipika nani?"

"Achayan."

"Ile ilikuwa nyama ya hapa," Chacko akasema. "Ng'ombe wa hapa hawatembei." Na alipoona tumecheka vizuri, alifurahi. Alimtazama Pothan kuona kama naye amecheka. Alikuwa akimtazama hivyo wiki mbili zote, jinsi mtu anavyotazama mche alioupandikiza mwenyewe.

Rahelamma alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika. Chai ilikuwa imekwisha kumiminwa, lakini hakuliweka chini. Hakuwa akimtazama Chacko. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Basi wali, nyama, samaki, maziwa mgando, ndizi," Chacko akasoma. Akalamba ncha ya kalamu. "Tangu Alhamisi ile, kumi na tatu ndiyo ya arobaini na moja. Nimehesabu mara tatu. Kuna neno la kuongeza, mwalimu?"

Pothan aliinuka. Tulidhani anakwenda kuweka kikombe. Alipita kati ya watoto, akaruka miguu ya Eapen, akaja akachutama mbele ya Chacko, magoti yao yakakaribia kugusana. Akaweka mkono juu ya kalenda, mahali pale penye duara. Mkono ulikuwa umetulia. Wengine walikuwa wamerudia habari ya ng'ombe wasiotembea, na nadhani sisi tuliokaa karibu tu ndio tuliosikia.

"Achayan," alisema polepole, kama anayemwamsha mtu aliyelala, "hesabu upya. Mama amekufa Jumatatu hii."